Pipa la mboji limejaa funza: nimwage mafuta ya taa?

*"Shikamoo mtaalamu. Naishi Tanga, nyumba ya kupanga yenye ua mmoja tunaotumia familia tatu. Nina pipa la plastiki nililolitoboa matundu pembeni, natupia humo maganda ya ndizi na maembe, machicha ya nazi, ugali uliolala, siku nyingine matumbo ya samaki, ili nipate mboji ya mchicha na bamia zangu. Zamani nilikuwa naona nyungunyungu. Tangu vuli ianze wamejaa funza, yaani pipa zima linatembea. Wengine weupe, wengine wa kahawia karibu weusi, wagumu, na usiku wanatoka wanapanda ukuta mpaka barazani kwa jirani. Jirani anasema nitawaletea kipindupindu na watoto wataingiwa na funza miguuni. Mume wangu anataka kumwaga mafuta ya taa. Kuku wangu ndio wanaofurahi, wanawagombania. Je, hawa wana hatari? Nyungunyungu wangu wameliwa? Na kuku wakila funza hao, mayai yanalika?"*

Marahaba, dada. Kwanza mwambie shemeji alirudishe dumu la mafuta ya taa alikolitoa, sababu nitaieleza. Jibu fupi ni kwamba kipindupindu hakiletwi na hawa, ugomvi na jirani una dawa, na kuku wanaweza kuwala, ila kwa masharti ambayo wanaosifia funza mitandaoni hawayataji.

Ukiniambia wagumu, wana rangi mbili na wanatoka usiku, karibu nina hakika hao ni funza wa nzi askari mweusi. Wafugaji wa kuku wanamjua zaidi kwa herufi tatu tu, BSF, kifupi cha jina lake la Kiingereza black soldier fly, na wataalamu wa wadudu wanamwita Hermetia illucens. Asili yake ni Amerika, lakini leo yupo karibu kila nchi yenye joto. Hukumnunua wala hukumleta. Alisikia harufu ya machicha yako akaja mwenyewe.

Hata hivyo usitegemee maneno yangu peke yake, maana mimi sijaliona pipa. Chukua kijiti, mtoe mmoja mweupe na mmoja mweusi, uwaweke juu ya kifuniko cha ndoo mchana kweupe. Funza wa nzi askari ni bapa, mwili umegawanyika pingili zinazoonekana wazi, una vinyweleo vifupi, na ngozi yake ni ngumu kiasi kwamba ukimbana kidogo hapasuki. Kichwa ni kidogo mno, kimechongoka. Akikomaa anafika sentimita 2 hadi 2.5. Wale weusi si aina nyingine. Ni wale wale weupe waliokwisha kula wakashiba na sasa wanatafuta pa kugeukia kuwa nzi. Funza wa nzi wa nyumbani hafanani naye. Ni mlaini, wa mviringo, mweupe wa maziwa, mbele amechongoka na nyuma ni butu, na kwenye hilo butu ana vidoa viwili vyeusi unavyoweza kudhani ni macho, kumbe ni matundu ya kupumulia. Ni mdogo pia, hupita sentimita moja kwa shida. Ukikuta hao laini ndio wengi, basi jirani yako ana hoja, na nitakuambia la kufanya.

Mzazi wa funza wako huenda umeshamkimbia ukidhani ni nyigu. Ni mweusi, mwembamba, miguu yake kwa chini ni myeupe, na pale kiunoni ana sehemu mbili zinazopitisha mwanga. Lakini ana mabawa mawili tu, nyigu ana manne, na hana mwiba wala hang'ati. Anaruka taratibu, hata mtoto anaweza kumkamata. La muhimu kwetu ni kwamba akishakuwa nzi hana haja ya chakula. Anaishi kwa akiba ya mafuta aliyojiwekea alipokuwa funza, anakunywa maji, anapandana juani, anataga, na baada ya wiki moja hivi amekufa.

Hapo ndipo hofu ya kipindupindu inapoangukia kwa asiyehusika. Kipindupindu husafiri hasa kwa maji na vyakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Nzi wa nyumbani anaweza kusaidia kukisambaza kwa sababu ya tabia yake ya kula: anatua chooni, anatua kwenye sahani, na kwa kuwa hawezi kutafuna anatapika mate juu ya chakula kukilainisha kabla ya kukifyonza. Nzi askari hana shughuli mezani kwako. Akiingia ndani amepotea, utamkuta dirishani anatafuta njia ya kutoka.

Wale funza wa miguuni ni kitu kingine kabisa. Wale si watoto wa nzi. Ni viroboto wadogo, na jike ndiye anayejichimbia kwenye ngozi ya mguu. Makazi yao ni vumbi kavu na michanga ya uani, hasa penye wanyama, na pipa lenye unyevunyevu haliwafai. Yuko pia nzi mwingine ambaye funza wake huingia kwenye ngozi ya mtu, yule anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa mbichi kivulini au chini kwenye mchanga. Dawa yake ni kuanika juani na kupiga pasi. Naye haishi kwenye mboji. Watoto wako na wa jirani hawataingiwa na kitu kutoka kwenye pipa hili. Ninachokuomba ni wasilichezee, kwa sababu funza wenyewe wanatambaa kwenye uozo wenye vijidudu, na yametokea mara chache sana duniani mtu kumeza funza hawa na chakula akaumwa tumbo. Sabuni na maji baada ya kugusa pipa yanatosha.

Sasa, kwa nini wamejaa hivi, na kwa nini vuli hii? Hebu tazama ulichowapa. Machicha ya nazi yana mafuta na maji, ugali ni wanga mtupu, matumbo ya samaki ni protini, na maembe yaliyoiva ni sukari. Kwa nyungunyungu hiyo ni shibe ya kuvimbiwa. Kwa funza hawa ni karamu. Mvua nayo imeongeza unyevu. Jike wa nzi askari hatagi juu ya uozo. Anatafuta mwanya mkavu karibu na harufu, kwa mfano ufa chini ya mfuniko, ukingo wa tundu ulilotoboa, au mkunjo wa kipande cha boksi. Anaacha hapo fungu la mayai ya rangi ya krimu, mamia kwa mara moja, mara nyingi zaidi ya 500. Inua mfuniko asubuhi uangalie kwenye kingo, utayaona yamepangwa kwenye nyufa. Baada ya siku nne hivi yanaanguliwa, wadogo wanadondoka ndani, na kwa joto la Tanga wanakula kama wiki mbili tu mpaka wanakomaa. Majike kumi yanatosha kulifanya pipa litembee.

Wakiwa wengi wanafanya jambo ambalo wataalamu wa mifugo wamelijua muda mrefu. Mwaka 1983 Craig Sheppard wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, alichapisha matokeo ya kazi yake kwenye mabanda ya kuku wa mayai: pale funza wa nzi askari walipotawala samadi, nzi wa nyumbani walipungua sana. Wanakimaliza chakula kabla wa nzi wa nyumbani hawajakikuta, wanakikoroga usiku na mchana, na majike ya nzi wa nyumbani yanakwepa kutaga mahali walipojaa. Ukisogeza sikio kwenye pipa lililoshiba utasikia wanavyokula, kama manyunyu yanayodondokea majani makavu. Pipa la namna hiyo, ukilitunza, lina nzi wachache wa nyumbani kuliko lile la taka la mtaani.

Ndiyo maana sitaki mafuta ya taa, wala maji ya moto, wala dawa ya kupulizia. Utaua maelfu ya funza kwa mara moja, na mizoga yao yenye protini na mafuta itaanza kuoza humo humo. Hapo ndipo utaijua harufu. Wa kwanza kurudi atakuwa nzi wa nyumbani, kwa kuwa yeye anamaliza safari yake kutoka yai hadi nzi kwa siku zisizozidi kumi hivi kwenye joto, na mwenzake anahitaji zaidi ya mwezi. Utakuwa umemfukuza mlinzi ukamfungulia mwizi mlango. Isitoshe sumu itabaki kwenye mboji utakayoweka kwenye mchicha, na kuku hawatajua kuwa funza wa leo wamemwagiwa kitu.

Nyungunyungu wako hawakuliwa. Wamehama, au wachache wamekufa kwa joto. Funza wengi wakikusanyika wanapandisha joto la chakula kupita nyuzi 35, wakati mwingine zaidi ya 40, na nyungunyungu hawaliwezi. Chimba chini kabisa ya pipa au inua pipa uangalie udongo wa chini, mara nyingi utawakuta pale penye ubaridi. Mtu akitaka wote wawili namshauri atenge vyombo: mabaki mabichi yaanzie kwa funza, kisha kinachobaki wapewe nyungunyungu wakimalizie. Kuwalazimisha kukaa pamoja kwenye pipa moja nchi ya joto ni kujisumbua.

Tuje barazani kwa jirani, maana nadhani hapo ndipo penye kesi yenyewe. Funza akishakomaa anaacha kula kabisa na tumbo lake linajisafisha. Rangi inageuka kahawia hadi nyeusi, na mdomo wake unageuka kuwa kama ndoana ya kujivutia. Kuanzia hapo anataka kitu kimoja tu, mahali pakavu penye giza ajifiche awe bundo, ile hatua ya kutulia kabla ya kuwa nzi. Anaondoka usiku kwa sababu anaogopa mwanga. Ukuta wa plastiki ukiwa mkavu hawezi kuupanda wima, lakini ukilowa, kwa mvua au kwa mvuke wa ndani, anaunata na kupanda mpaka juu. Vuli ndiyo iliyompa jirani yako wageni.

Huwezi kumzuia asiondoke, lakini unaweza kumchagulia njia. Egemeza ndani ya pipa kipande cha ubao au bomba lililopasuliwa katikati, mteremko wa nyuzi 30 hadi 40 hivi, kianzie juu ya chakula na kiishie kwenye tundu la ukingoni. Chini ya tundu, nje, weka ndoo yenye maranda makavu au pumba, kina cha kiganja kimoja hivi. Weusi watapanda wenyewe na kudondokea humo kila usiku, asubuhi unawakusanya wakiwa wasafi. Halafu paa kidogo juu ya pipa, hata bati bovu, ili mvua isiingie na kuta zisilowe. Matundu ya pembeni yazibe kwa wavu wa madirisha. Na pipa lisogeze mbali na ukuta wa nyumba. Likigusana na ukuta, umewajengea daraja. Wachache watakaotoroka wafagie asubuhi kabla jirani hajaamka, kuku watakusaidia.

Kuna jambo linalowakatisha watu tamaa, bora ulijue mapema. Funza hawa si watengenezaji wazuri wa mboji. Ni walaji. Wanaweza kupunguza ujazo wa taka laini kwa nusu au zaidi kwa siku chache, lakini majani makavu, makumbi ya nazi, vifuu, maganda ya mayai na mifupa watakuachia. Wanachokitoa ni kama samadi mbichi, cheusi, chenye nitrojeni kali. Ukikiweka moja kwa moja kwenye miche ya mchicha kitaiunguza. Kichanganye na majani makavu au makumbi yaliyosagwa, kikae kivulini wiki nne hadi sita, ukikigeuza mara kwa mara na kukiacha kivute hewa, mpaka harufu ya amonia iishe na kibaki kinanukia udongo. Kwa hiyo jiulize unachotaka hasa: mboji ya bamia, au chakula cha kuku? Pipa dogo likilazimishwa kutoa vyote viwili kwa wingi litakupa vyote viwili nusu nusu. Kwa familia yenye ua wa pamoja na kuku wanaozurura, mimi ningechagua kuku, na mboji ningeichukulia kama baraka ya ziada.

Kuhusu kuku. Funza hawa wakikaushwa, karibu asilimia 40 ya uzito wao ni protini, mafuta hufika asilimia 30 au kupita, na wana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengi. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kimejaribu unga wao mahali pa unga wa samaki kwenye chakula cha kuku, na mwaka 2017 Kenya iliweka kiwango rasmi cha wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo. Umoja wa Ulaya uliruhusu wadudu waliosindikwa kwa kuku na nguruwe mwaka 2021, lakini ulikataza kuwalisha wadudu hao mabaki ya jikoni au samadi. Usiipite hiyo sentensi haraka, kwa sababu wewe unafanya hasa kile walichokikataza. Simaanishi uache, maana kuku wa kienyeji wamekula wadudu wa jalalani tangu zamani. Ila funza ni kama alivyolishwa.

Sharti la kwanza ni kwamba pipa la funza wa kuku lisitiwe mzoga wowote, wala matumbo ya samaki. Kwenye mizoga huweza kukua bakteria wa botulizimu. Sumu yao haimdhuru funza, anaibeba mwilini, na kuku akila funza wa namna hiyo shingo inalegea, anashindwa kuinua kichwa, na mara nyingi anakufa. Kuku aliyekufa kwa kideri ndiyo kabisa, mchome au mfukie shimo refu, asikaribie pipa. La pili, kinyesi cha binadamu, cha mbwa au cha paka, na nepi za mtoto, visiingie. Watafiti wameona funza hawa wakipunguza bakteria wa Salmonella na E. coli kwenye samadi, lakini mayai ya minyoo ya tumboni wanayaacha yalivyo. La tatu, betri na majivu ya plastiki vikae mbali, kwa kuwa funza hukusanya mwilini kadmiamu, metali yenye sumu.

Ukishatimiza hayo, chukua wale weusi wa kwenye ndoo ya maranda, kwa kuwa tumbo lao ni tupu. Wasuuze, wachovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, kisha uwape siku hiyo hiyo au uwaanike mpaka wakauke kabisa. Kijiko kimoja au viwili vya chakula kwa kuku mmoja kwa siku vinatosha, juu ya pumba, mtama na majani yake ya kawaida. Ukizidisha watanenepa na kuacha kutaga. Chokaa yao usiikatishe. Mayai yanalika bila shaka yoyote. Yapikwe yaive, kama mayai yote ya kuku wanaozurura.

Na kama baada ya kusoma haya bado moyo unakataa, ni haki yako, nyumba ni ya wengi. Wanaondoka bila sumu. Acha kabisa machicha, ugali na samaki. Maganda ya matunda yafukie ndani sana kila unapoyatia, juu yake weka tabaka nene la majani makavu au maranda, kwa kipimo cha ndoo moja ya taka mbichi kwa mbili za makavu. Ukikamata konzi ya mboji na kuikamua, itoke tone moja au mawili, isichuruzike. Funika nyufa zenye mayai, au yakwangue. Waliomo watamaliza kula na kuhama, wapya hawatakuja kwa wingi, na baada ya mwezi hivi nyungunyungu wataanza kurudi juu. Njia hii ndiyo ile ile utakayotumia ukikuta wale laini wa nzi wa nyumbani ndio waliotawala, au pipa likinuka uchachu: limelowa mno na linakosa hewa. Na ukiamua kuwaweka nzi askari, sheria ni moja tu: usiongeze chakula kama cha jana bado kinaonekana.

Mambo machache hayangoji jibu la kuandikwa. Mtoto au mtu mzima akiharisha maji maji mengi kama maji ya mchele, mpe maji ya chumvichumvi ya ORS huku mkienda kituo cha afya saa hiyo hiyo. Wa kuchunguzwa ni mgonjwa na maji ya kunywa. Kuku wakianza kulegea shingo au wakifa wawili watatu mfululizo, sitisha funza na umwite afisa mifugo wa kata, umtunzie mzoga mmoja wa kuangalia. Mtu akiwa na jipu lenye kitundu na kitu kinachocheza ndani, au mguu wenye funza, aende zahanati, asichimbuliwe kwa pini ya nyumbani. Kuhusu jirani, naona kuna siku atamwita bwana afya. Mtangulie wewe. Ukishaezeka lile bati, ukaziba matundu kwa wavu na kuweka ndoo ya maranda, mwalike bwana afya uani mbele ya familia zote tatu, mfungulie mfuniko, umwonyeshe yai, funza na nzi mwenyewe. Akisema pipa lihamishwe, lihamishe.